Ukishaweka kalamu chini: kwa wanaoanza kuwauliza wagonjwa kuhusu dawa zao

Kwa wewe unayeripoti kliniki wiki ijayo na rundo la hojaji mkononi. Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na barua ya kamati ya maadili watashughulikia wakubwa wako, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 utafundishwa kwenye semina. Sitakaa hapo. Nataka kukueleza niliyojifunza kwenye benchi la kliniki moja ya presha na sukari huku Eastlands, Nairobi, baada ya kuharibu kazi ya wiki nzima.

Jua kwanza unachopima. Wengi huja wakidhani tunawakagua wagonjwa kama wanameza dawa. Hilo ni jambo zito. Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2003 kwamba hata katika nchi tajiri, ni takriban nusu tu ya wenye maradhi ya kudumu wanaofuata matibabu yao inavyotakiwa. Lakini sisi tunauliza kitu kingine: kuishi na dawa hizo kukoje? Hojaji ya LMQ (Living with Medicines Questionnaire, yaani hojaji ya kuishi na dawa), iliyotungwa Uingereza, imejengwa juu ya swali hilo. Toleo lake la tatu lina kauli 41 zinazogusa uhusiano wa mgonjwa na wahudumu, usumbufu wa kupata na kutumia dawa, gharama, madhara, wasiwasi, kama dawa inasaidia, kama inaingilia shughuli zake, na kama ana usemi wowote juu ya matibabu yake. Kila kauli ina majibu matano, kutoka kukubali kabisa hadi kukataa kabisa, na jumla ya alama ni kati ya 41 na 205. Alama zikipanda, dawa zinamlemea zaidi. Ndiyo maana kauli zinazosifu dawa lazima zigeuzwe alama kabla ya kujumlisha. Ukisahau kugeuza, mtu anayeteseka ataonekana ametulia.

Sasa lugha, maana hapa ndipo tulipoumia.

Kauli ilisema, "Sina wasiwasi kuhusu dawa zangu." Mzee mmoja akajibu, "Hapana." Nikaweka alama ya kukataa, yaani ana wasiwasi. Aliyemfuata akajibu, "Ndiyo," nikaweka ya kukubali. Jioni, nikipitia karatasi na mwenzangu mzaliwa wa Lamu, akaniuliza: una hakika gani na hiyo "hapana"? Nikakumbuka mzee alivyoimalizia. Alisema, "Hapana, sina." Wote wawili walikuwa wamesema jambo lilelile, nami nimewaweka ncha mbili tofauti za kipimo. Karatasi zote za wiki ile zenye kauli za kukanusha hatukuweza kuzitegemea tena. Tangu siku hiyo sipokei "ndiyo" wala "hapana" peke yake. Namrudishia mtu kwa upole: "Kwa hivyo baba, una wasiwasi au huna?" Kisha naandika.

Neno "dawa" lenyewe ni pana mno. Kuna ya meno, ya mbu, ya viatu, kuna na mwarobaini aliotumiwa kutoka nyumbani. Sema "dawa ulizoandikiwa na daktari", na umwombe azitoe mfukoni kama anazo. Wengine pia wakisikia "dawa za kila siku" hudhani unauliza kuhusu ARV, na uso unafunga hapo hapo. Taja presha au sukari mapema.

Halafu "madhara". Niliwahi kumuuliza mama mmoja kama dawa zake zina madhara. Akashtuka, akasema hapana, dawa za serikali ni nzuri. Kwake neno hilo lilikuwa na sumu ndani yake, na kulikubali ni kumshtaki daktari. Nikateremsha macho nikaona amevaa patipati, kulikuwa na baridi ya Julai, na kamba zimezama kwenye nyama ya mguu. Nikauliza, "Mama, viatu vyako vya kufunga viko wapi?" Akasema havimwingii tangu abadilishiwe tembe mwezi wa nne. Alikuwa anameza amlodipini, dawa ya presha ambayo inajulikana kufurisha vifundo vya miguu. Siku hizi nauliza, "Tangu uanze dawa hii, mwili umebadilika vipi?" Wa metformini atakwambia tumbo linamwendesha. Wa enalaprili atakwambia ana kikohozi kikavu kisichosikia dawa ya kikohozi. Ukisikia hayo, usimwambie mtu aache dawa. Si kazi yako na unaweza kumuua. Mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo, na uulize kama fomu ya manjano ya Bodi ya Famasia na Sumu, ya kuripoti madhara ya dawa, imejazwa.

Na jihadhari na "namshukuru Mungu". Ukimuuliza mtu mzima kama ameridhika na dawa zake, mara nyingi hilo ndilo jibu, na vijana wetu hulitafsiri kuwa ameridhika sana. Ni adabu tu. Ngoja anyamaze kidogo, kisha uliza tena kwa njia nyingine.

Kauli za gharama zinahitaji kushikwa kwa uangalifu. Zilitungwa kule ambako mgonjwa, kama analipa, hutozwa ada moja kwa kila dawa. Hapa anaambiwa dirishani kwamba dawa imeisha, anashuka kemisti, anauliza bei, ananunua vidonge vya siku tano. Ukimuuliza kama anamudu dawa zake atasema anamudu, kwa sababu kweli amenunua. Muulize alinunua za siku ngapi. Usishangae akikuuliza wewe juu ya SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali ambayo ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Kama hujui jibu, mwelekeze dawati la bima, usibahatishe.

Wakati wa kuuliza nao una uzito wake. Wengi wametoka nyumbani gizani bila kutia kitu kinywani, wanangoja kupimwa sukari. Mtu mwenye njaa anayesubiri jina lake liitwe atakubali kila kauli ili umwachilie, tena ataogopa kwamba maneno yake yanaingia kwenye faili kabla daktari hajamwona. Mimi huwangoja baada ya dirisha la dawa, na sivai koti jeupe. Nawapoteza wachache wanaokimbilia matatu, lakini wanaobaki huzungumza.

Ukimaliza, weka kalamu chini na ukae dakika mbili zaidi. Mama mmoja wa Kayole alikubali kabisa kwamba anatumia dawa zake kama alivyoelekezwa. Nikafunga karatasi. Akafungua mkoba, akatoa kibahasha kilichoandikwa 1 x 1, yaani kidonge kimoja mara moja kwa siku, vidonge vimejaa. Ilikuwa dawa ya kukojoza, ya kumeza asubuhi. Yeye hupanda matatu saa kumi na moja alfajiri kwenda kufanya kazi Westlands, na Jogoo Road ikishika foleni hakuna pa kushuka. "Jumapili nameza," akasema, "hiyo siku nafuata daktari." Nilimwomba ruhusa tukarudi pamoja kwa daktari, akampangia saa nyingine, baada ya kufika nyumbani. Kwenye hojaji hapakuwa na kisanduku cha jambo hilo. Niliandika pembeni mwa karatasi, kwa maneno yake mwenyewe, na kwenye mkutano wa Ijumaa pembe hiyo ndiyo tuliyoijadili kwa muda mrefu kuliko ukurasa wote.