Moto wa Hapa Ulitiwa Kule Nyuma: Kwa Anayeanza Kupanda Mbele ya Gari Moshi

Wengi wanaoomba kupanda mbele, ndani ya injini ya mvuke, huwa na picha moja kichwani: kiwiko dirishani, upepo usoni, watoto wakipunga mikono kutoka nyuma ya nyumba zao. Hayo yote yapo kweli. Lakini ukianza kazi ya kutia makaa hutayaona kwa miezi mingi, maana macho yako yatazunguka kati ya moto, maji na njia, na kurudi kwenye moto. Nimejitolea miaka kadhaa kwenye reli za kale, yaani njia za zamani ambazo wapenzi wa reli wanaziendesha kwa treni za mvuke, hapa kaskazini mwa Uingereza, na siku hizi niko East Lancashire Railway, pale Bury. Ninayokuandikia ni yale ambayo ningependa kuambiwa kabla sijashika beleshi.

Babu yangu mzaa mama alikuwa akitunza moto kwenye zile Garratt, injini ndefu za mvuke zenye viungo, za daraja la 59, kati ya Mombasa na Nairobi. Zilikuwa injini 34, zikaundwa mwaka 1955 na 1956 na kiwanda cha Beyer, Peacock katika mtaa wa Gorton, Manchester, na kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Kwenye reli za upana wa mita moja, duniani kote, hapajawahi kufanya kazi injini ya mvuke kubwa kuliko hizo. Moja yao, 5918 Mount Gelai, bado unaweza kuigusa kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Zilichoma mafuta mazito, kwa hiyo babu hakupiga beleshi kama ninavyopiga mimi. Hata hivyo neno lake ndilo linalonisaidia kila Jumamosi. Alikuwa akisema, "Moto wa hapa ulitiwa kule nyuma."

Lifikirie neno hilo vizuri, maana kazi nzima imo humo. Makaa ya mawe ukiyarusha ndani ya tanuru hayawaki papo hapo. Kwanza yanapoza moto, yanatoa gesi na moshi, ndipo baada ya dakika chache yanaanza kutoa joto lenyewe. Treni yetu haizidi kilomita 40 kwa saa, lakini hata kwa mwendo huo, makaa uliyotia stesheni yatawaka ukiwa umeshapita mitaa miwili. Kwa hiyo mtia makaa haishi pale treni ilipo. Anaishi kilomita moja mbele.

Njia yetu ina urefu wa kilomita 20 hivi, kutoka Heywood, kupitia Bury na Ramsbottom, hadi Rawtenstall. Treni za kawaida za abiria za kwenda Rawtenstall zilikoma mwaka 1972. Wapenzi wa reli wakafungua tena kipande cha Bury hadi Ramsbottom mwaka 1987, wakafika Rawtenstall 1991, na Heywood 2003. Ukitoka stesheni ya Bolton Street kuelekea Heywood, reli inapanda ghafla ili ivuke juu ya njia ya tramu za Metrolink. Watu wa hapa wanapaita ski jump, yaani mteremko wa kurukia wa watelezaji wa theluji, na ukipaona kwa mara ya kwanza hutauliza kwa nini. Ni pafupi sana, lakini hapo ndipo nitakaposimama kidogo, kwa sababu mahali hapo panafundisha kuliko kitabu chochote.

Injini ikipanda mlima bomba la moshi likitangulia, maji ndani ya boila yanarudi nyuma upande wa tanuru, na glasi ya kupimia maji iko huko huko nyuma, mbele ya macho yako. Utaona maji yamejaa, moyo utatulia, utasema boila imeshiba. Kisha injini inafika kileleni na kuinamisha pua, maji yanakimbilia mbele, na ile glasi iliyojaa inashuka ukiitazama. Hapo ndipo unapojua ulikuwa na maji kiasi gani kweli. Juu ya tanuru kuna bamba la chuma ambalo lazima lifunikwe na maji kila sekunde ya kazi. Likibaki wazi huku moto unawaka chini yake, linaanza kulainika, na kuna vizibo vya madini laini ya risasi vilivyowekwa ili viyeyuke kabla halijatokea kubwa zaidi. Usifike huko. Jifunze kusoma glasi pamoja na mwinuko, na ujiulize kabla ya kupanda: kileleni itasoma wapi? Injini ikiwa inarudi kinyumenyume, hesabu hiyo inageuka. Wanafunzi wengi huijua mchana wanapoulizwa, wakaisahau saa moja baadaye wakiwa na jasho machoni, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Sasa nikueleze kosa langu, ambalo lilitokea kwenye reli nyingine nilikoanzia. Tulikuwa tunapanda katikati ya nyumba, ua kwa ua, karibu sana na reli. Nilichelewa kutia makaa. Nilipoona sindano ya kipimo cha stimu inashuka nikaingiwa na hofu, nikarusha mabeleshi kumi kwa mpigo. Moto ukapoa, sindano ikazidi kushuka, na bomba likatoa moshi mweusi mzito uliolala juu ya nyumba za watu. Katika ua mmoja mama alikuwa ameanika shuka nyeupe. Nilimwona akitoka, akaanza kuzianua haraka haraka, na hakutupungia mkono.

Dereva, mzee mmoja mpole, hakusema neno mpaka tulipofika. Kisha akaniuliza, "Ulianza kutia wapi?" Nikamwambia, pale darajani. Akasema, "Darajani ulitakiwa uwe umemaliza." Basi. Wiki iliyofuata alinichukua tukapita kwa miguu barabara inayofuata reli ile, akanionyesha kila kitu kutoka upande wa wanaoishi pale: dirisha la chumba cha mtoto, bustani ya mzee anayepanda maboga, kamba za nguo. Tangu siku hiyo naijua njia kwa nyuma za nyumba. Penye uzio uliopakwa kijani naanza kutia. Penye daraja la waenda kwa miguu nimefunga mlango wa tanuru. Nakushauri ufanye hivyo hivyo. Tembea kando ya njia yako kwa miguu, nje ya uzio wa reli, kabla ya kuomba kuipita juu ya injini.

Moshi mweusi ni makaa yanayopotea bure, na mtu mwingine ndiye anayeyavuta puani. Dawa yake ni kutia kidogo kidogo na mara kwa mara, kisha kuacha mlango wa tanuru wazi upana wa vidole viwili vitatu ili hewa iingie juu ya moto na kuchoma ile gesi. Tazama ncha ya bomba: moshi wa kijivu chepesi unaopotea haraka ndio unaoutaka. Na kila asubuhi uliza mmepewa makaa gani. Mgodi wa Ffos-y-fran kule Wales, uliokuwa ukizilisha reli nyingi za kale, ulifungwa mwishoni mwa 2023, na sasa tunachoma makaa yanayotoka mbali, au matofali ya unga wa makaa uliogandishwa. Kila aina ina tabia yake. Iliyokufaa mwezi uliopita inaweza kukuaibisha leo.

Jirani wa reli anasumbuliwa na jambo jingine pia, nalo ni vali ya usalama. Stimu ikizidi, vali inafunguka kwa kelele inayotikisa madirisha, na mgeni hudhani ndiyo dalili ya nguvu. Kwangu mimi ni dalili kwamba mtia makaa hakujua stesheni inakaribia. Ukijua mtasimama, acha kutia mapema, kisha washa injekta uingize maji baridi ndani ya boila. Presha itatulia na utasimama kimya kati ya nyumba za watu.

Upande wa Ramsbottom kuna mahandaki, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Kabla ya kuingia gizani, fungua blowa, yaani ule mvuke unaopulizwa kwenye bomba la moshi ili kuvuta hewa ya tanuru kwenda juu. Dereva akifunga regulata, ile vali inayopeleka mvuke kuendesha magurudumu, na blowa imefungwa, pumzi ya injini inakatika, na moto unaweza kurudi nyuma kupitia mlango wa tanuru hadi mlipo. Handaki linaongeza hatari hiyo. Mkono wangu huenda kwenye blowa kabla akili haijafikiri, na wako uuzoeshe hivyo. Funga mlango wa tanuru pia, na usisimame mbele yake.

Mengine ni mepesi. Vaa pamba tupu, ndani na nje, kwa kuwa nguo ya nailoni cheche ikiiangukia huyeyuka na kushika ngozi. Usitoe kichwa nje bila kujua daraja linalofuata. Ishara ikiwa upande wako, iseme kwa sauti, na dereva airudie. Penye kona inayopinda upande wako, anayeona ni wewe peke yako. Kivuko cha Ramsbottom kiko stesheni kabisa, na watu husimama pale na simu zao wakirekodi, kwa hiyo huko nenda na macho mawili.

Usikimbilie beleshi. Utaanza kwa kusugua, na utasugua muda mrefu: magurudumu, mitambo ya chini, masizi ya ndani. Wako wanaoona ni kupotezewa wakati. Mimi naona ndiyo shule, kwa sababu anayefuta chuma kwa kitambaa ndiye anayekuta ufa, au nati iliyolegea, kabla injini haijatoka karakana.

Jioni, abiria wakishaondoka, kazi yako bado. Boila haipendi kupashwa wala kupozwa kwa haraka. Kusanya moto uliobaki uuweke nyuma ya tanuru, toa majivu, jaza maji mpaka glasi ikaribie kujaa, funga vidirisha vya hewa vya chini, na ufunike bomba. Hakikisha breki ya mkono imekaza. Mwenzako atakayekuja kabla ya jua kuchomoza aikute injini bado ina uvuguvugu, na maji yapo.