Mkondo Umeufungua, Nani Ataufunga?

*Nimeandika new Observable, ndani nikaweka console.log, lakini hakichapwi kitu. Shida nini? (Nyegezi)*

Hujaita subscribe. Observable ya RxJS, maktaba ya JavaScript ya kushughulikia mikondo ya data, haianzi kazi mpaka mtu aanze kuisikiliza kwa subscribe. Lingine.

*Ukurasa wetu wa bei za samaki wa mwalo wa Kirumba unaanza vizuri, baada ya muda simu inakuwa nzito. Tuongeze RAM kwenye seva? (Kirumba)*

Seva imeingiaje hapa, jamani? Swali hili huletwa kila mara, linabadilishwa nguo tu. Mtumiaji akitoka kwenye sangara kwenda kwenye dagaa na kurudi, msimbo wenu unaita subscribe upya, na ile ya zamani bado inasikiliza. interval, inayotoa namba kila baada ya muda fulani, haikomi yenyewe. subscribe inakurudishia kitu chenye unsubscribe: kihifadhi, ukiite sehemu hiyo ya ukurasa inapoondolewa. Mikondo ikiwa mingi, tumieni takeUntil, inayokata mkondo ishara ikija, tena iwe ya mwisho kwenye pipe, yaani mnyororo wa hatua za mkondo. Ikikaa kabla ya switchMap, ile inayoacha mkondo wa ndani wa zamani kila mpya unapokuja, mkondo wa ndani unabaki hai, nanyi mtaniandikia tena. Na kwa kuwa nawajua, shareReplay(1), inayowagawia wasikilizaji wengi chanzo kimoja, bila refCount: true (hesabu ya wasikilizaji) haiachii chanzo kisichokoma, hata msikilizaji wa mwisho akishaondoka.

*Kwenye kisanduku cha kutafutia niweke mergeMap au switchMap? (Buzuruga)*

switchMap, na debounceTime(300), inayongoja mwandishi atulie milisekunde 300, itangulie. Mtandao ukisuasua, jibu la “sa” linaweza kufika baada ya jibu la “sangara”, na mergeMap, isiyoacha ombi lolote, italionyesha bila aibu. Ila usije ukaihamishia switchMap kwenye kitufe cha kulipia! Kuacha kusikiliza jibu si kufuta malipo ambayo seva imeshayapokea. Hapo weka exhaustMap, ipuuze mibonyezo mingine mpaka ombi la kwanza liishe. Hata hivyo seva nayo ijilinde. Mteja akifungua ukurasa upya, exhaustMap yako haikumbuki kitu.

*Ombi moja likifeli, kisanduku chote kinakufa, na catchError nimeweka. (Igoma)*

Umeiweka nje. Ihamishie ndani ya switchMap, kwenye ombi lenyewe, idake kosa kabla halijaua mkondo wote.

*Vipimo vya GPS vya boti vinakuja haraka kuliko ramani inavyochora. Nitaifanyaje Observable isubiri? (Ilemela)*

Haisubiri. Anayesukuma data ndiye anayepanga kasi. Ramani inahitaji boti ilipo sasa, basi auditTime itakuachia kipimo cha karibuni na kutupa vingine. Kama kila kipimo lazima kihifadhiwe, vikusanye kwa mafungu ya muda kwa bufferTime. Ukitaka kuvuta kwa kasi yako, chukua for await, kitanzi cha JavaScript kinachongoja kila thamani; ipo tangu ES2018, toleo la lugha hiyo la mwaka 2018.