Maswali ya Wasomaji: Nianzie wapi kuandika kwenye wiki?

Barua tatu tulizochagua mwezi huu zinatoka Moshi, Arusha mjini na Usa River, na zote zinahusu wiki, yaani zile tovuti ambazo kurasa zake huandikwa na kurekebishwa na wasomaji wenyewe.

SWALI: Ndugu Mhariri, nimepandisha wageni Mlima Kilimanjaro kwa miaka mingi na sasa nimestaafu. Hivi karibuni nilifungua ukurasa unaohusu mlima wetu katika wiki moja, nikakuta umeandikwa kuwa na urefu wa mita 5,892. Nikasahihisha nikaweka 5,895, kama tulivyofundishwa na kama kibao cha kilele cha Uhuru kinavyosema. Kesho yake nikakuta marekebisho yangu yameondolewa. Je, wiki hizi ni za watu wote kweli, au zina wenyewe? Na kama ninataka kuandika ninayoyajua kuhusu njia za kupandia, nianzie wapi? (Msomaji, Majengo, Moshi)

JIBU: Ndugu msomaji, wiki ni za watu wote, ila si kila kinachoandikwa hubaki, na katika shauri hili kila mmoja wenu ana hoja. Namba 5,895 ilitokana na upimaji wa mwaka 1952, nayo ndiyo iliyozoeleka kwenye vitabu vyetu na kwenye kibao unachokitaja. Upimaji wa mwaka 1999, uliotumia satelaiti, ulipata mita 5,892, na ule wa mwaka 2008 ulipata kiasi kinachokaribia hapo hapo. Huenda basi aliyeandika 5,892 alikuwa na chanzo chake mkononi, nawe ukaifuta namba yake bila kuacha neno. Hakuwa na njia ya kujua kama aliyeifuta ni mtu aliyefika kileleni mara nyingi au ni mtoto anayechezea simu ya baba yake.

Kila ukurasa wa wiki hutunza historia yake, inayoonyesha nani alibadilisha nini na lini, kwa hiyo hata hicho ulichokiandika hakijapotea. Ukurasa huo pia una mwenzake wa majadiliano, ambao wageni wengi hawaufungui kabisa, na hapo ndipo ningekushauri urudi. Andika hivi: "Mita 5,892 ni za upimaji wa 1999. Kibao cha kileleni na vitabu vingi vya hapa nchini hutaja 5,895, za upimaji wa 1952. Napendekeza tuzitaje zote mbili, kila moja na mwaka wake." Weka jina la kitabu na ukurasa ulikoisoma namba hiyo, subiri siku chache, na asipotokea mwenye pingamizi fanya badiliko lenyewe. Unapolihifadhi, jaza kile kisanduku kidogo cha muhtasari kinachouliza umebadilisha nini. Maneno matano yanatosha. Kwa maoni yangu hakuna jambo dogo kuliko hilo linalomsaidia mgeni zaidi, kwa sababu wenyeji wa wiki husoma muhtasari kabla ya kusoma badiliko.

Sasa kuhusu njia za kupandia. Hapa inabidi uchague wiki inayofaa, maana hazina sheria moja. Wikipedia, iliyoanza mwaka 2001, hutaka kila taarifa iwe imekwisha kuchapishwa mahali panapoaminika. Haitoshi kwamba wewe umeiona kwa macho yako. Sharti hilo lina maana kwa kamusi elezo, lakini watu wa kwetu huumia nalo, kwa kuwa mengi wanayoyajua wapagazi na waongozaji wa Marangu na Machame hayajawahi kuandikwa kitabuni. Wiki za wasafiri, kama Wikivoyage, hupokea maarifa ya mtu aliyefika mwenyewe. Huko unaweza kueleza kwamba Marangu ndiyo njia pekee ambayo wapandaji hulala kwenye vibanda badala ya mahema, au kwamba kati ya vituo vya Horombo na Kibo kuna mahali pa mwisho pa kuteka maji, na baada ya hapo kila tone linalotumika Kibo hubebwa na wapagazi. Mgeni anayepanga safari hujua kuhesabu vidonge vyake, lakini jambo hilo la maji hulisoma kwa nadra sana.

Hata huko, usianze kwa kufungua ukurasa mpya. Chukua ukurasa mmoja uliopo, usome mpaka mwisho, urekebishe jina la kituo lililokosewa tahajia, kisha uongeze sentensi moja au mbili chini ya kichwa kinachohusika. Ukurasa mpya una mahitaji mengi kwa mpigo, kuanzia jamii (makundi ambamo ukurasa hupangwa), viungo na vigezo (vipande vilivyotayarishwa vya kuingizwa ukurasani) hadi mpangilio wa vichwa, na anayeanza nao mara nyingi huona kazi ya jioni nzima ikiwekewa alama ya kufutwa. Aidha, kama una kampuni yako au ya ndugu yako, usiisifu humo. Matangazo huondolewa haraka kuliko makosa.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi, napenda sana habari za reli na treni. Sina kompyuta, nina simu tu, na vifurushi navyo ni vya kubana. Naweza kuchangia? Na je, ninaruhusiwa kutafsiri kurasa za Kiingereza kwa programu ya tafsiri? (Msomaji, Ngarenaro, Arusha)

JIBU: Marahaba. Simu inatosha. Andika kwanza kwenye programu ya kuandikia kumbukumbu ukiwa nje ya mtandao, kisha ufungue ukurasa, ubandike na uhifadhi. Utatumia bando kidogo, na mtandao ukikatika katikati hutapoteza kitu. Alama za kujifunza mwanzoni ni chache: jina lililowekwa ndani ya mabano mraba mawili kila upande, kwa mfano [[Arusha]], huwa kiungo cha kwenda kwenye ukurasa huo. Fungua akaunti kwa jina la kubuni, si lazima litambulishe wewe ni nani.

Kutafsiri kunaruhusiwa katika Wikipedia, mradi useme kwenye muhtasari umetafsiri ukurasa gani. Kubandika matokeo ya programu jinsi yalivyo ni jambo jingine, na Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, imebeba mzigo wa kutosha wa kurasa za namna hiyo. Tafsiri aya moja unayoielewa. Wewe uliye Arusha, ambako reli ilifika mwaka 1929, una faida ya kuweza kwenda maktaba ya mkoa kutafuta kitabu ambacho mhariri aliyeko Ulaya hatakipata.

SWALI: Ninapiga picha za ndege katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, hasa heroe wa maziwa ya Momella. Nitaziwekaje kwenye wiki, na je, ninaweza kuongeza nyingine nilizozipata mtandaoni? (Msomaji, Usa River)

JIBU: Za mtandaoni ziache, isipokuwa ziwe zimeandikwa wazi kwamba zimetolewa kwa leseni huria. Zako mwenyewe zipeleke Wikimedia Commons, hazina ya picha iliyofunguliwa mwaka 2004, ambako wiki nyingi huchukua picha zao. Fahamu kabla hujabonyeza kwamba unatoa ruhusa kwa mtu yeyote, hata mfanyabiashara wa kalenda, kuitumia picha hiyo bila kukulipa; kwa leseni zinazotumika zaidi atawajibika angalau kukutaja, na ruhusa hiyo huwezi kuitangua baadaye. Kama kuna picha unazotarajia kuuza, zibaki nyumbani.

Jina la faili lieleze kilichomo. "IMG_0043" haitapatikana na mtu yeyote, ilhali "Heroe mdogo, Ziwa Momella Kubwa, Hifadhi ya Taifa ya Arusha" itapatikana na mwalimu, mwandishi na mtafiti. Ongeza mwezi na mwaka, kwa sababu idadi ya heroe hupanda na kushuka, na picha yenye tarehe ina kazi kubwa zaidi kwa wapenda ndege. Angalia pia kama simu yako huhifadhi mahali picha ilipopigwa ndani ya faili lenyewe. Kwa heroe walio ziwani hakuna tatizo, lakini kwa kiota cha ndege adimu zima mpangilio huo kabla ya kupiga.