Mosi-oa-Tunya na watoto: chagua mwezi kwanza, hoteli baadaye

Mkuu umeuliza kuhusu safari ya maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, yaani Victoria Falls, hivi: watoto watatu (miaka 4, 8 na 13), bibi yao mwenye magoti mabovu, siku tatu kamili, likizo ya Juni au ya Desemba, na mlale Livingstone upande wa Zambia au mji wa Victoria Falls upande wa Zimbabwe. Wengi waliokujibu wamekutajia hoteli. Hoteli utapata tu. Kinachoamua safari yenu ni maji, na maji yana ratiba yake.

Mvua inayojaza Zambezi hunyesha mbali, kaskazini-magharibi mwa Zambia na Angola, kisha maji hutambaa polepole kwenye mbuga za Barotse, magharibi mwa Zambia. Ndiyo maana mto hufika kilele Aprili na mwanzo wa Mei, wakati pale Livingstone mvua imeshakwisha. Oktoba na Novemba ndiyo hali ya chini kabisa. Sasa ukuta wa maporomoko una upana wa mita 1,708 na kimo cha mita 108, lakini kingo zake hazilingani: upande wa mashariki, ambao ni wa Zambia, umeinuka kidogo kuliko wa magharibi. Maji yakipungua, mashariki hukauka kwanza. Isitoshe Wazambia huchota maji juu ya maporomoko kwa ajili ya kituo chao cha umeme. Mtu aliyekwenda Zambia Novemba akakuta jiwe tupu hakudanganywa na picha, alikosea mwezi.

Kwa hiyo Juni, bila kufikiri mara mbili. Maji bado ni mengi, manyunyu yamepungua kiasi kwamba unaona ukuta wenyewe na siyo ukungu mtupu, mbu ni wachache na jua haliunguzi. Desemba ni joto, mvua za radi mchana, na maji ndiyo kwanza yanaanza kupanda. Mkilazimika Desemba, tegemeeni Zimbabwe, maana upande ule haukauki.

Onyo moja la Juni ambalo watu wa Dar hulipuuza: kule ni baridi. Usiku na alfajiri joto hushuka chini ya nyuzi 10. Mtoto aliyeloa manyunyu saa mbili asubuhi, upepo ukivuma korongoni, anatetemeka meno. Kila mtoto awe na sweta, na nguo kamili za kubadili zibaki kwenye gari au kwa dereva. Usizibebe mgongoni, zitaloa pamoja nanyi.

Mlale wapi? Livingstone. Ni mji wa kweli wenye soko, maduka ya dawa na chakula cha bei ya kawaida, na historia karibu yote ya eneo lile iko upande huo. Victoria Falls una faida moja kubwa: unakwenda langoni kwa miguu. Livingstone ni kilomita 10 hivi kutoka maporomoko, kwa hiyo teksi ni lazima. Msitembee barabara ile jioni hata mkiambiwa ni karibu, kwani tembo huivuka.

Siku ya kwanza msiende kwenye maji. Najua watoto watalalamika. Anzeni na makumbusho ya Livingstone pale katikati ya mji, yaliyoanzishwa 1934. Saa moja na nusu yatosha. Pale kuna barua na vitu vya David Livingstone, aliyefika kwenye maporomoko kwa mtumbwi tarehe 16 Novemba 1855, akashukia kisiwa kilichoko ukingoni kabisa na kuyapa jina la malkia wake. Hapa mna bahati ambayo familia nyingine hazina: watoto waliowahi kupelekwa Bagamoyo wanaujua mwisho wa hadithi hii. Mtu yuleyule alifia kwa Chifu Chitambo 1873, na watumishi wake, kina Susi na Chuma, wakaubeba mwili wake mpaka Bagamoyo, ukafika Februari 1874. Mweleze wa miaka 13 hilo kabla hajaingia, vinginevyo ataona makaratasi ya zamani ndani ya kioo tu. Mwonyesheni pia nakala ya fuvu la Broken Hill, la binadamu wa kale, lililochimbwa Kabwe 1921. Fuvu lenyewe liko London.

Wa miaka 4 makumbusho hayatamweka. Huyo na wa miaka 8 wapelekwe makumbusho ya reli, kwenye injini kuukuu za mvuke, waone magurudumu yanayowazidi kimo. Mchana huo unatosha.

Na jina lenyewe lisipite hivihivi. Mosi-oa-Tunya ni lugha ya Wakololo, watu waliotawala eneo lile enzi za Livingstone, maana yake moshi unaonguruma. Mswahili hahitaji mkalimani kwa neno la kwanza. Mkiwa mjini, asubuhi tulivu, watoto watauona moshi huo kwa mbali kabla ya kufika.

Siku ya pili, maporomoko upande wa Zambia, na muingie asubuhi mapema. Sababu ni upinde wa mvua. Upinde huonekana jua likiwa mgongoni kwako. Ukisimama mashariki ukatazama magharibi ndani ya korongo, jua la asubuhi ndilo liko nyuma yako. Upande wa Zimbabwe ni kinyume: ukiwa mwisho wa magharibi ukatazama mashariki, upinde ni wa alasiri. Na kwa kuwa unatazama chini korongoni na siyo juu angani, unaona upinde mkubwa kuliko ule wa mvua ya kawaida, wakati mwingine karibu duara zima.

Pitieni kwanza ile nyumba ndogo ya makumbusho iliyojengwa juu ya machimbo ya zana za mawe, hapohapo ndani ya eneo. Dakika 15. Kisha fuateni njia ya kutazamia mpaka daraja la miguu liitwalo Knife Edge. Hapo ndipo panahitaji maelezo.

Daraja hilo ni jembamba, lina vyuma vya kushikia pande zote, na linapita juu ya pengo linalotazamana na maporomoko. Mwezi wenye maji mengi, manyunyu hayashuki tu kutoka juu. Upepo wa korongo huyarusha kutoka chini, yakakuingia ndani ya koti la mvua kupitia pindo. Koti la kukodi pale langoni linasaidia kichwa na mabega, basi. Kwa hiyo suruali fupi, na viatu vya kamba vyenye soli ya mpira yenye meno. Ndala hapana: zinateleza kwenye saruji yenye utelezi, na zikichomoka mguuni zinaishia korongoni. Miwani itafungwa kamba. Simu iwekwe kwenye kifuko kisichopitisha maji ukiwa bado pakavu, maana ukiifunga na unyevu ndani, kioo cha kamera kinafanya ukungu na picha zote zinakuwa maziwa. Wa miaka 4 asibebwe mabegani hata kidogo. Mgongoni kwa kanga, au mkono kwa mkono, mzazi mmoja mtoto mmoja. Akiogopa ngurumo, rudini naye, mwingine aende. Si kila mtoto hufurahia kelele ile.

Njia ya kushuka Boiling Pot, pale maji yanapozunguka kabla ya kuingia korongo la pili, ni ngazi za mawe zenye mwinuko mkali kupita msitu wa mikindu. Kushuka si tatizo. Kupanda ndiko kunakoua. Wa miaka 13 na mzazi mmoja waende, wabebe maji. Bibi na wadogo wabaki juu kwenye kivuli. Maji yakiwa juu sana sehemu ya chini haifikiki, kwa hiyo ulizeni langoni kwanza msije mkashuka bure.

Nyani. Hawa wameshajifunza kwamba mfuko laini unaochakarisha maana yake ni chakula. Hawataki kamera yako, wanataka ule mfuko wa mkate ulioshikwa na mtoto, na watauchukua mkononi mwake. Chakula kisionekane kabisa, kiwe ndani ya begi lenye zipu, na msile njiani. Nyani akishashika kitu, mwachieni. Anayevutana naye hung'atwa.

Mchana huohuo, mkiwa bado na nguvu, nendeni kwenye daraja kubwa la mpakani linalounganisha Zambia na Zimbabwe. Hamhitaji kuhama nchi: uhamiaji upande wa Zambia mnaomba kipande cha karatasi cha kuingia darajani, mnaonyesha pasipoti, mnatembea mpaka katikati na kurudi. Daraja lilifunguliwa Septemba 1905, mita 128 juu ya mto. Chuma chake kilitengenezwa Darlington, Uingereza, kikaletwa kwa meli mpaka Beira, kisha kwa reli. Lilijengwa kuanzia kingo zote mbili, na inasimuliwa kwamba siku ya kuunganisha nusu zile hazikukaa kwa sababu chuma kilikuwa kimetanuka kwa joto. Baridi ya usiku ikakifanya kinywee, asubuhi zikaingiliana. Mwambie mtoto wa miaka 8 hilo akiwa amesimama juu ya maungio, ni somo zima la sayansi. Cecil Rhodes, mkoloni Mwingereza aliyetaka reli ipite karibu hivyo, ili manyunyu yaguse mabehewa, alikufa 1902 bila kuyaona maporomoko. Tahadhari: malori hupita, na wachuuzi wa vinyago vya shaba ni wasumbufu. Neno "asante, hapana" mara moja, halafu msisimame.

Siku ya tatu, Zimbabwe. Pasipoti za Tanzania haziombi viza ya matembezi upande wowote, lakini kila mtoto awe na pasipoti yake, na cheti cha kuzaliwa, na mzazi mmoja akibaki nyumbani, barua yake ya idhini. Kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, bebeni. Zimbabwe viingilio vya wageni vina madaraja, na raia wa nchi za SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, Tanzania ikiwemo) hulipa pungufu kuliko wageni wengine, kwa hiyo taja uraia wako kabla hujatoa hela. Bebeni dola ndogondogo na safi. Noti iliyochanika au kuandikwa kalamu hukataliwa, na chenji ni shida ya kudumu.

Upande huu ndio wa bibi. Njia zimesakafiwa, ni tambarare, zina viti, na anaweza kusukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Anzeni kwenye sanamu ya Livingstone iliyozinduliwa 1934, karibu na Devil's Cataract, sehemu ya maporomoko iliyo magharibi kabisa. Hapo ukingo wa maporomoko uko chini kuliko kwingine kote, na ndipo maji yanapokata mstari mpya. Makorongo ya zigizaga mliyoyaona kutoka darajani yote yaliwahi kuwa maporomoko. Maji hufuata nyufa za mwamba wa basalti zilizojaa udongo laini, yanazichimba, na ukuta unarudi nyuma. Kisha fuateni vituo kuelekea mashariki. Danger Point iko karibu na mwisho, na jina halikuwekwa kwa utani: mawe ni ya utelezi, hakuna kizuizi cha maana, na chini ni korongo. Wadogo wasifike pale. Sehemu nyingine vizuizi ni matawi ya miiba tu.

Kabla ya kurudi, mbuyu mkubwa uitwao Big Tree uko dakika chache kwa teksi, na hoteli ya Victoria Falls ya mwaka 1904 ina bustani inayotazama daraja. Chai yake ni ghali, ila kutazama ni bure ukinunua hata soda.

Mkipata nusu siku ya ziada, hifadhi ndogo ya Mosi-oa-Tunya upande wa Zambia ina faru weupe na haina simba, kwa hiyo ni matembezi mepesi kwa watoto. Mwombe dereva apite makaburi ya Old Drift, makazi ya kwanza ya Wazungu pale kivukoni. Malaria iliwapukutisha mpaka mji ukahamishiwa juu kabla ya reli kukamilika. Hilo liwakumbushe kumwona daktari wa watoto kuhusu dawa za kinga kabla ya safari, maana nyingine huanzwa siku kadhaa kabla ya kuingia eneo la malaria.

Safari ya boti jioni ni nzuri, lakini ulizeni mambo mawili kabla ya kulipa: kuna majaketi ya kuokoa ya saizi ya mtoto wa miaka 4? Na ni boti ya familia au ya walevi? Zipo za aina zote mbili. Mikono isiguse maji, mamba wapo.

Usafiri: basi la Lusaka mpaka Livingstone ni saa sita mpaka saba, chukueni la asubuhi. Saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, na wakisema "saa 8" wanamaanisha mbili asubuhi, msije mkaachwa na basi.

Kijana wako akitaka kuogelea Devil's Pool, dimbwi lililo ukingoni kabisa mwa maporomoko: Juni hapafunguliwi, maji ni mengi mno. Hufunguliwa kuanzia Agosti hivi mpaka mwanzo wa Januari kutegemea mto, na kuna kikomo cha umri, hivyo ulizeni kwanza. Kama mnakuja na gari lenu kupitia Tunduma sema, maana karatasi za gari mpakani ni habari nyingine kabisa.