Tunavyosahau Kwamba Mafundisho Yetu Yamewahi Kubadilika

"Sisi tumefundishwa hivi tangu mwanzo." Kauli hii nimeisikia mara nyingi mno katika miaka yangu ya kufundisha dini, na anayeitamka kwa kawaida haongopi. Anaamini kabisa. Lakini ukifungua vitabu vya dhehebu lake mwenyewe, pengine utakuta jambo analolitetea kwa nguvu zote halijatimiza hata miaka mia, na kwamba waliomtangulia walifundishwa kinyume chake, nao wakasema ni tangu mwanzo.

Mimi ni Mkatoliki, basi nianze kwetu. Chukua riba. Mwaka 1179 Mtaguso wa Tatu wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, uliamuru kwamba wakopeshaji wanaojulikana kwa kutoza riba wasipewe Komunyo wala maziko ya Kikristo. Mtaguso wa Vienne, 1311 hadi 1312, ukaenda mbali zaidi: anayeng'ang'ania kwamba riba si dhambi aadhibiwe kama mzushi. Mwaka 1745 Papa Benedikto XIV alikuwa bado anaikemea. Kisha katika miaka ya 1830 Roma ikawajibu mapadre waungamishi wasiwasumbue watu wanaopokea riba ya kiasi inayoruhusiwa na sheria ya nchi, na Sheria za Kanisa za 1917 zikaikubali. Hakuna siku kengele zilipogongwa kutangaza kwamba sasa mambo ni mengine. Leo Mkatoliki anaweka akiba benki, anapata riba yake, na hata haimjii akilini kuitaja kwenye maungamo.

Mabadiliko huingia namna hiyo, kimyakimya. Hati mpya huandikwa kwa kunukuu hati za zamani, ili ionekane ni mkondo uleule unaoendelea. Vitabu vya zamani huondolewa kwenye mabenchi. Walioyapinga mabadiliko huhama au hukaa kimya, na kumbukumbu yao huenda nao. Watoto hufundishwa kilichopo tu. Kufikia kizazi cha pili, kilichokuwa kipya kimeshakuwa "tangu mwanzo".

Kumbukumbu yetu wenyewe nayo husaidia. Nilipokuwa naandaa somo juu ya kufunga kabla ya Komunyo, nilimuuliza bibi mmoja parokiani kama anakumbuka sheria ikibadilika. Akanijibu bila kusita kwamba ni kufunga kwa muda wa saa moja kabla ya Komunyo, na imekuwa hivyo siku zote. Nikabadili swali: "Bibi, ulipokuwa msichana, asubuhi kabla ya Misa ulikuwa unakunywa maji?" Akashtuka. "Maji? Hata tone, mwanangu! Mama alikuwa anafunika mtungi usiku ili tusijisahau." Hapo ndipo yote yakamrudia. Ni kweli: watu walifunga tangu usiku wa manane, hata maji, mpaka Papa Pius XII alipoyaruhusu maji mwaka 1953. Mwaka 1957 mfungo wa chakula ukawa wa muda wa saa tatu kabla ya Komunyo, na mwaka 1964 Papa Paulo VI akaufanya wa saa moja tu. (Hiyo ni kanuni ya nidhamu, si fundisho la imani, najua, ila waumini wengi huzishika zote mbili kwa mkono mmoja.)

Tangu siku hiyo siwaulizi wazee "Kanisa lilifundisha nini?" Nawauliza walifanya nini: walikula nini na lini, nani alizikwa wapi, nani alikataliwa ubatizo, nani alikaa benchi la nyuma. Vitendo hukaa kichwani kuliko maelezo. Jaribu na wewe, na uandike unachoambiwa, kwa sababu wazee hawa wanaondoka.

Kama huna mzee wa kumuuliza, tafuta matoleo mawili ya kitabu kimoja. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kifungu cha 2267, inatosha. Toleo la 1997 linasema mafundisho ya jadi hayakatazi adhabu ya kifo, endapo ndiyo njia pekee ya kulinda maisha ya watu. Tangu Agosti 2018 kifungu hichohicho kinasema adhabu hiyo haikubaliki. Hili limetokea mbele ya macho yetu, na tayari nimekutana na vijana wanaodhani Kanisa halikuwahi kusema vingine.

Wala si Wakatoliki peke yetu. Maaskofu wa Kianglikana walikemea vikali njia za kuzuia mimba katika mkutano wa Lambeth wa 1920; miaka kumi baadaye, palepale Lambeth, wakaziruhusu katika hali fulani. Mashahidi wa Yehova waliambiwa mwaka 1967 kwamba kupandikizwa kiungo cha mtu mwingine si halali kwao, na mwaka 1980 suala hilo likaachiwa dhamiri ya kila mmoja.

Ila kuna mahali ambapo sikuti usahaulifu huu. Muulize Mwislamu kuhusu Kibla, upande wa kuelekea wakati wa sala, atakueleza kwamba Waislamu walielekea Jerusalem kwanza, kisha wakaamriwa kuelekea Makka. Limo ndani ya Kurani yenyewe, katika Surat al-Baqara. Na Imam Shafi, mwanachuoni wa sheria za Kiislamu aliyefariki mwaka 820, alikuwa na kauli zake za Iraki na nyingine alizozitoa Misri. Wanafunzi wake hawakuzifuta za kwanza. Walizihifadhi zote, wakaziita kauli ya kale na kauli mpya, na madhehebu yake yapo mpaka leo. Mabadiliko yaliyoandikwa waziwazi hayakumtisha mtu.

Kwa hiyo nawasihi wenzangu tunaofundisha: mwambie kijana mapema. Akisikia kwako, ni historia ya familia yake. Akiyakuta peke yake usiku kwenye simu, atajiuliza ni nini kingine ulichomficha, na nimewaona wakiondoka kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya fundisho lenyewe.

Na kabla hujamhukumu mwenzako kwa neno la "tangu zamani", uliza tangu lini. Usiulize kwa kejeli. Wapo watu waliozikwa bila sala kwa jambo ambalo leo halimnyimi mtu hata Komunyo. Hilo peke yake linatosha kutupunguzia haraka.

Kijana atauliza pia: basi na haya ya leo yatabadilika? Msimkwepe. Yapo ambayo hayajaguswa: kwamba Mungu ni mmoja, kwamba Kristo alifufuka. Mengine yamesogea na huenda yakasogea tena. Mimi huwaanzisha na Matendo ya Mitume sura ya 15, kwa kuwa mle ubishi haukufichwa: wengine wanasema bila kutahiriwa hakuna wokovu, Petro anasimama, Barnaba na Paulo wanasimulia, Yakobo anatoa uamuzi. Kisha nawaomba wasome aya ya 29, ile inayokataza damu na nyama ya mnyama aliyenyongwa, na kila mmoja aseme nyumbani kwao marufuku ipi inashikwa, ipi imeachwa, na nani aliwaambia waiache.