Re: Sprinti ya dizaini itatufaa, wateja wanaishia katikati ya kujisajili?

Mkuu, kama wateja wanakwama kwenye fomu yenyewe ya kujisajili, sprinti ya dizaini (siku tano za timu kubuni suluhisho na kulijaribu kwa watumiaji) itawafaa. Kama ni seva inazidiwa, achaneni na sprinti, rekebisheni seva.

Jumatatu mnachora njia ya mteja, Jumanne kila mtu anachora suluhisho lake kimyakimya (hapo hata wapole wanasikika). Jumatano ni kuchagua, na mwenye kauli ya mwisho lazima awepo, la sivyo wiki ijayo atapangua kila kitu. Alhamisi mnatengeneza mfano tu: skrini zinazobonyezeka, bila mfumo wowote nyuma yake. Ijumaa waiteni watumiaji 5, mmoja mmoja, na msiwaelekeze! Mtu akisita kwenye kisanduku cha namba ya kitambulisho, nyamazeni, andikeni neno kwa neno anachokisema.