Maswali yenu: theluji ya ng'ambo, rafu tupu na unga wa kukimbilia

Wiki hii maswali yamekuja mengi na yanafanana, wengine mko na watoto huko nje mnaona video za supamaketi tupu, wengine mko hapa hapa Kondele na Vihiga mnauliza mambo ya unga. Nimeyaweka pamoja manake shida ni ile ile.

Binti yangu ako Dallas, Texas. Jana alinipigia video akiwa ndani ya supamaketi, wametangaziwa theluji, na kwa mkate na maziwa hakuna kitu kimebaki. Sikulala. Kwani Marekani nako kumeingia njaa? Nimtumie pesa? – Mama, Section 58, Nakuru

Pole mama, najua vile kuona mtoto kwa simu akiwa mbali kunasumbua roho. Njaa haijaingia. Supamaketi kubwa, kule na hata hapa mjini Nakuru, haiweki chakula cha mwezi mzima kwa stoo, wanahesabu kile watu hununua siku ya kawaida na lori inaleta kiasi hicho, kesho tena, kesho kutwa tena. Sasa theluji ikitangazwa, yule alikuwa achukue mkate mmoja anabeba mitatu, yule alikuwa aje Jumamosi anakuja leo, na yule hakuwa na haja anaona wenzake wamejaza troli naye anajaza. Ukiangalia mmoja mmoja hakuna amefanya kitu cha ajabu, ni vile wamekuja saa moja na lori ni ile moja. Halafu theluji ikianguka kweli barabara inakuwa barafu, lori inasimama, na rafu inakaa hivyo siku mbili tatu mpaka barabara ifunguke.

Dallas pia si kama Minnesota. Kule kaskazini theluji ni ya kila mwaka, magari ya kuisukuma yako, chumvi ya kumwaga barabarani iko. Texas hivyo vitu ni vichache, kwa hivyo hata theluji kidogo inasimamisha mji.

Lakini tafadhali usiudharau woga wake. Februari 2021 Dallas ilifika digrii 19 chini ya sufuri, stima ikapotea kwa nyumba na biashara zaidi ya milioni 4 Texas nzima, mabomba yakapasuka, watu wakaambiwa wachemshe maji ya kunywa, na jimbo likahesabu vifo 246, wengi wao ni baridi iliwaua. Kwa hivyo kabla ya pesa, mpigie umuulize: maji ya kunywa ya siku tatu ako nayo? Blanketi? Tochi? Simu na pawabanki zimejaa chaji? Kitu cha kula bila kupika? Na jirani, anamjua hata mmoja wa kubisha mlango wake? Hilo la jirani lirudie mara mbili.

Mbona kila mara ni mkate na maziwa? Mimi ningebeba mchele na maharagwe. – Kijana, Manyatta, Kisumu

Uko sawa, hizo ndizo hukaa, bora moto uwe hautazima. Mkate unaliwa bila kupika, na maziwa na mayai ndio huisha kwanza kwa nyumba yenye watoto, kwa hivyo ndio mtu anakumbuka kwanza. Na kuna kumbukumbu za wazee pia. Februari 1978 dhoruba ya theluji ilipiga Boston na pande zile, magari zaidi ya 3,000 yakakwama kwa barabara kuu ya Route 128 na watu wakiwa ndani, na kwa siku kadhaa kuendesha gari kulikatazwa. Mtu aliyepitia hayo akisikia theluji hatangoji kuulizwa.

Mimi ni nasi, yaani muuguzi, naenda kazi Leeds, Uingereza, nitafika Novemba. Nimeshauriwa nibebe unga wa kutosha na jiko dogo la makaa nisije nikapata shida baridi ikizidi. – Nasi, Kisumu

Dadangu, jiko liache Kisumu. Nyumba za kule zimezibwa dirisha na mlango ili baridi isiingie, sasa ukiwasha makaa ndani inatoka hewa ya kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, unashikwa na kichwa, unasikia usingizi, unalala na huamki. Texas mwaka ule wa 2021 kuna familia zilienda hivyo, walikuwa wanatafuta joto tu. Na wewe ni nasi, unajua hata huku kwetu Juni na Julai tunapoteza watu kwa jiko lililoingizwa chumba cha kulala. Hii si ya kubahatisha.

Unga beba kidogo wa kuanzia, maduka ya Waafrika na Wahindi yako, utapata mwingine. Kile cha kujua ni kwamba Uingereza theluji kubwa si ya kila wiki ndio maana ikija inawashtua. Mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi 2018 baridi kali ilitoka upande wa mashariki, barabara zikafungwa, mkate na maziwa vikaadimika siku chache. Na rafu inaweza kuwa tupu hata kwako hakujaanguka kitu: Februari 2023 nyanya na matango yalipotea kwa supamaketi za Uingereza manake hali mbaya ya hewa ilikuwa imepiga mashamba ya Spain na Morocco, na wakulima wao wenyewe walikuwa wamepunguza kupanda kwa sababu kupasha joto nyumba za vioo za kukuzia mboga kulikuwa ghali. Maduka makubwa yakapimia kila mteja mbili ama tatu.

Kwa hivyo kuanzia Novemba hiyo, kila ukienda duka ongeza kitu kimoja tu cha kukaa, leo kopo la nyanya, wiki ijayo maharagwe, ingine maziwa ya unga. Hapo Januari ikifika huhitaji kupigania kitu na mtu. Stima ikipotea usifungue friji ovyo, ikikaa imefungwa chakula kinakuwa salama kama saa 4, friza iliyojaa hata saa 48.

Theluji haiwezi kuanguka Kenya? Nilisikia kuna mwaka ilianguka Nyahururu. – Mwanafunzi, Njoro

Hiyo ilikuwa mvua ya mawe, Septemba 2008, Busara karibu na Nyahururu, mawe yakashikana yakafunika mlima ukawa mweupe na watu wakaita theluji. Sisi kinachotufungia barabara ni maji. Waulize watu wa Mai Mahiu, mafuriko ya alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024.

Niko na duka ndogo Kondele. Kukiwa na fununu ati unga utapotea, mtu mmoja anakuja anataka bale nzima, wengine wanakosa. Nimuuzie? Na nikipandisha bei ni makosa? – Mwenye duka, Kondele

Asante sana kwa kuuliza hii. Huyo wa bale anakumalizia stoki kwa dakika tano na pesa unaiona ni nzuri. Sasa fikiria ule mama anafulia watu nguo, analipwa jioni, anafika kwako saa moja na nusu usiku na mia mbili mkononi, anataka paketi moja, mafuta ya kupima ya ishirini na nyanya mbili. Si ati yeye hajasikia fununu. Amesikia asubuhi kama wote, ni vile pesa ya kununua unga asubuhi hakuwa nayo. Kila mahali watu wakikimbilia chakula, awe Dallas awe Kondele, yeye ndiye anakuta rafu tupu, na hapo ndio mimi huumia kabisa.

2017 mahindi yakiwa haba, serikali ilishusha paketi ya kilo mbili ikawa shilingi 90, na bado ukienda dukani hupati, watu wanangojea lori mlangoni, mpaka supamaketi zikaanza kutoa paketi moja ama mbili kwa mtu. Fanya hivyo. Iandike kwa katoni uibandike kaunta, ukisema kwa mdomo huyo mteja atadhani ni yeye unamlenga. Na weka kando paketi kama kumi za wale wa jioni, usizitoe kabla ya saa kumi na moja.

Bei, kama wa jumla amekuongeza basi ongeza hicho kiasi na umwambie mteja ukweli. Lakini kupandisha ile stoki ulinunua na bei ya zamani, kwa sababu tu umeona watu wana woga, hapana. Machi 2020 kisa cha kwanza cha corona kilipotangazwa kuna duka kubwa lilijaribu hivyo na sanitaiza, likaagizwa kurudishia wateja pesa.

Nilisikia mahindi yatakuwa haba nikanunua magunia matatu kwa haraka. Sasa mengine yana ukungu wa kijani. Nipepete tu nipeleke posho mill? – Mama wa boma, Vihiga

Yale ya ukungu usisage, mama yangu, nakuomba. Ukungu huo unaleta sumu inaitwa aflatoksini, na haitoki na kupepeta wala kupika. 2004 kule Makueni na Kitui iliua watu 125, na walikuwa wamekula mahindi ya kawaida ya nyumbani. Usipatie kuku, na ng'ombe pia usipatie, inapitia kwa maziwa. Choma ama uzike.

Yaliyo safi yatoe kwa gunia leo, yaanike juu ya turubai, si kwa udongo, uyageuze geuze. Kupima, chukua chupa ya glasi iliyokauka kabisa, tia mahindi mpaka robo na chumvi kavu vijiko viwili vitatu, funga, tikisa, ingoje robo saa. Chumvi ikishika glasi bado yana maji, rudisha juani. Isiposhika ongeza siku moja ya jua, halafu ununue kwa agrovet ile mifuko isiyopitisha hewa, ujaze mpaka juu, ukaze mdomo na mpira. Na usiwe unafungua kila siku, toa ya mwezi mara moja uweke kwa ndoo yenye kifuniko, ufunge tena.